Upepo Uliokula Karanga

Wallahi, billahi, watallahi, mambo yote haya ni kweli. Nilikuwapo. Macho ndiyo haya, masikio ndiyo haya. Na ahadi niliyoitoa wiki ya kwanza iko palepale: atakayenishika na uwongo, hata mdogo kama chawa, aje kwangu Mtaa wa Sikukuu aichukue baiskeli yangu. Hii ni wiki ya sita. Baiskeli bado imeegemea ukumbini, tena juzi nimeitia mafuta.

Basi. Jumamosi iliyopita tuliachana mlango unavunjika.

Wewe uliyekosa, sogea nikuonjeshe. Ni mwaka 1937, Ijumaa, saa saba mchana. Tumo ndani ya kiwanda kidogo cha chapa cha Jitendra, mkabala na Kariakoo, tunapotolea gazeti letu la Kengele ya Soko. Mimi Mrisho ni mpangaji wa herufi, miaka ishirini, vidole vyeusi kwa wino. Mezani kuna karatasi tatu zilizopigwa taipu, zimetoka kwenye droo ya makachero wa Mwingereza.

Ya kwanza na ya pili ni majina ya watu wanaofuatwa mjini. Ya tatu ndiyo mbaya. Ni orodha ya watu ambao barua zao hufunguliwa posta kwa mvuke wa birika, zikasomwa, zikagundishwa tena kama hazikuguswa. Mna mwalimu mmoja wa chuo ambaye barua zake kwa mkewe zimesomwa miaka miwili mizima, na pembeni kachero ameandika: "Anamkumbuka sana. Endelea kufungua."

Aliyezitoa ni Isidori, karani wa taipu wa ofisi hiyohiyo. Kijana mpole, mkewe Theopista ana mimba ya miezi minane, wanakaa mtaa wa Gerezani. Aliomba jambo moja tu: "Msichape mpaka niwe ndani ya garimoshi la bara, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mke wangu atanifuata." Mhariri wetu Hashil akampa mkono. Gazeti litoke Jumamosi, mtu ameshavuka Morogoro.

Ndipo ule upepo niliowasimulia ulipoingia dirishani, ukainyakua prufu, karatasi ya majaribio ya ukurasa wa tatu, ukairusha mpaka sokoni, ikaangukia kapu la muuza karanga. Yule mama naye, atajuaje? Akaichana vipande vinne, akafungia karanga.

Na nani akanunua karanga?

Mlango ukalala chini: paa!

Mbaruku! Sajini wa makachero. Shingo pana kuliko kichwa. Amevaa kanzu, hakuvaa sare, na nyuma yake mapande mawili ya watu wa bandarini. Mkono wa kulia rungu. Mkono wa kushoto kikunjo cha karanga, anatafuna.

"Tamu," akasema. "Lakini karatasi yake ndiyo tamu zaidi. Nani kaileta hapa?"

"Sajini," Hashil akajibu bila kuinuka, "kama umekuja kuchapisha kadi za harusi, anza kwa kuturudishia mlango."

Rungu likamshukia begani. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Hashil akaenda chini na kiti chake.

Mimi nikaona kiza cha hasira. Pembeni yangu palikuwa na fremu ya chuma, ndani yake kichwa cha gazeti, herufi za risasi zimeshapakwa wino mbichi. Nikainyanyua kwa mikono miwili, nikamtwanga nayo Mbaruku katikati ya paji la uso. Akayumba. Alipogeuka, ndugu zangu, alikuwa ameandikwa hapo kwenye paji, herufi nene, zinasomeka vizuri: KENGELE YA SOKO. Tangu siku hiyo mpaka anakufa mji mzima ulimwita Kengele.

Yale mapande yakanirukia. Mmoja nilimng'oa meno mawili, wa pili akanikalia kifuani. Mbaruku akafuta damu na wino, akamvuta Jitendra mpaka kwenye lile jiwe bapa tunalopangia kurasa. Akamlaza kiganja juu yake. Akaokota nyundo yetu ya mbao.

"Nani kaleta karatasi?"

"Mimi nachapa tu, bana," Jitendra akasema. "Kusoma iko kazi ya Hashil."

Nyundo ikashuka. Kidole cha kwanza.

"Nani?"

"Unataka jibu la Kiswahili au la Kigujarati?"

Cha pili. Jitendra akauma kola ya shati lake, akaikata kwa meno.

"Nani, we mwana wa haramu?"

Nyundo ilikuwa hewani mara ya tatu tuliposikia ngazi za juu zinalia. Champaben, mama yake Jitendra. Mwanamke mfupi, sari ya kijani, uzito wake ni wa paka. Ijumaa ndiyo siku yake ya kukaanga bajia. Alikuwa amebeba karai zima kwa matambara, mafuta bado yanatokota.

"Nyinyi napiga mtoto yangu?"

Mtoto mwenyewe ana miaka arobaini.

Akamwaga.

Lile pande lililonikalia ndilo lililopata mengi. Mgongo ulimvuka ngozi tunaona. Alitoka mlangoni anapiga ukelele ambao mpaka leo nikisikia bajia zinakaangwa nahama mtaa. Mwenzake alitoka nyuma yake. Mbaruku alipata sikio tu. Alirudi kinyumenyume hadi barabarani, sikio linavimba kama andazi, na maneno yake ya mwisho yakawa haya:

"Ofisini kwangu kuna makarani watatu wa taipu. Vidole thelathini. Naenda kuvihesabu."

Mafuta yanachirizika kwenye ngazi. Hashil akajiburuta, akaegemea mashine.

"Mmeona kanzu?" akasema. "Hakuleta askari hata mmoja. Droo ni yake. Mzungu wake hajajua bado kwamba karatasi zimetoka. Anataka kumpata mtu kabla Mzungu hajajua."

"Basi tuchape," Jitendra akasema, mkono ameufunga kwa kitambaa cha kufutia wino. "Sasa hivi. Saa nane gazeti liko mtaani. Mzungu anasoma, anamwita Mbaruku: droo yako iko wapi? Mbaruku hana nafasi ya kupiga mtu. Anatafuta pa kukimbilia yeye mwenyewe."

"Au Mzungu anasoma, anafunga milango ya ofisi, makarani wote watatu wamo ndani. Jitubhai, ndugu yangu, nimempa mtu mkono wangu. Saa kumi na moja."

"Ulimpa mkono kabla ya karanga! Karanga imebadilisha yote."

"Neno langu halibadiliki kwa karanga."

"Hashilbhai, neno lako litamzika. Wewe nataka kuwa mtu mwema au nataka Isidori awe mzima?"

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na ukurasa wa tatu mikononi, herufi zake zote zimeshafungwa, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Kugeuza gurudumu la mashine ni dakika mbili. Nawaambia, sijapata kuona watu wawili wanaopendana wakitazamana vile.

"Asipokuwa na makarani wa kuhesabu, hahesabu," Hashil akasema mwishowe. "Mrisho, una baiskeli. Nenda sasa hivi, mtoe Isidori mle ofisini. Mwambie mkewe ameshikwa na uchungu. Mfiche Gerezani kwenye karakana za reli mpaka wakati wa garimoshi. Sisi tutakaa hapa, mkono juu ya gurudumu. Firimbi ya garimoshi inasikika mpaka hapa. Ikilia, nageuza. Isipolia, sigeuzi."

"Na Mbaruku akifika kabla yake?" Jitendra akauliza.

"Yuko kwa miguu, sikio limeungua. Mrisho yuko juu ya magurudumu mawili. Mrisho, kijana wangu, usisimame popote."

Sikusimama popote! Nilipaa. Nilipita Mnazi Mmoja kama risasi. Njiani lile pande lenye meno pungufu likanitokea na nondo, nikampitishia gurudumu juu ya mguu, nikasikia kitu kimevunjika na si baiskeli. Nikafika ofisini saa nane kasorobo. Nikamtoa Isidori kwa dirisha la choo. Mbaruku anaingia mlango wa mbele, sisi tunatoka nyuma, Isidori amepakia, mikono yake miwili imenishika kiuno, mizima, vidole vyote kumi. Saa kumi na moja nikampandisha behewa la daraja la tatu. Firimbi ikalia. Isidori akatoa kichwa dirishani, akavua kofia, akaipunga

Hapo, wasomaji, kalamu yangu ilikuwa kwenye neno hilo hilo, niko barazani kwangu, ni Alhamisi hii iliyopita mchana, kivuli kikaangukia karatasi.

Nikainua uso. Ni mwanamke mzee amebeba kapu.

"Shikamoo, Bi Mwanamize," nikasema.

"Marahaba. Unaandika nini, mwanangu mwongo?"

Miaka arobaini, nami nilimjua palepale kwa kapu lake. Ndiye yule muuza karanga. Akatoa kapuni kikunjo, akakifungua, akazimwaga karanga kwenye paja langu, akaninyooshea ile karatasi. Ilikuwa hadithi yangu ya Jumamosi iliyopita.

"Imenijia na magazeti ya kufungia," akasema. "Nikamwambia mjukuu wangu, hebu nisomee. Kasoma. Upepo, eti. Upepo umeingia dirishani." Akakaa kwenye ngazi yangu bila kukaribishwa. "Upepo gani huo unaokula karanga?"

"Bi Mwanamize, hii ni hadithi tu, watu wanapenda..."

"Mwanzo wake umeapa mara tatu kwa jina la Mungu. Mjukuu kanisomea. Mrisho, kila Ijumaa asubuhi ulikuwa unakuja kwangu na karatasi za majaribio kutoka kiwandani. Nyeupe, nene, hazitoi wino ovyo. Mimi nakupa karanga za kula mpaka jioni. Wapangaji wote wa herufi mjini walifanya hivyo, wala haikuwa dhambi. Siku ile uliniletea kumi na moja. Nimezichana mwenyewe. Ya Isidori ilikuwamo."

Nilitazama baiskeli. Baiskeli haikunisaidia.

"Sikutazama," nikasema. "Nilichukua zilizokuwa juu ya rundo."

"Najua. Kosa la kutotazama nilishalisamehe siku ileile. Endelea kunisomea hapo ulipofika leo."

Nikamsomea. Alicheka kwenye paji la uso la Mbaruku mpaka akashika mbavu. "Hilo umelipika! Ulikuwa chini ya meza, Hashil mwenyewe alisimulia. Mafuta ya Champaben sawa, yule mtu nilimwona mgongo wake, alipita mbele ya kapu langu." Nikamsomea vidole vya Jitendra. Hapo akaacha kucheka.

"Jitendra alikuja kununua karanga kesho yake," akasema. "Alinihesabia senti kwa mikono miwili. Alikuwa na vidole kumi mpaka alipokufa, siku wanamchoma Kihindu. Kwa nini umempa vidole vya mtu mwingine?"

Nikageuza karatasi nyingine.

"Hebu soma pale ulipopaa."

"Bi Mwanamize."

"Soma. 'Sikusimama popote.' Soma."

Nikasoma. Sauti ilikuwa yangu lakini nilikuwa siitambui.

"Ulifika kwangu saa nane hivi, unatweta," akasema, polepole sasa, kama mtu anayechambua mchele. "Baiskeli umeitupa chini. Ukaniambia, Mwanamize, nipe vile vipande vingine vitatu, Hashil asijue kama ni mimi. Nikakwambia sijui viko wapi, vimo humo kapuni. Ukapiga magoti. Kikunjo kimoja kimoja, ukafungua, ukatazama, ukamwaga karanga zangu mavumbini. Vikunjo mia na zaidi. Nikakuuliza, huna kazi? Ukasema ipo, nakwenda sasa hivi. Ukatafuta mpaka alasiri ikaadhiniwa."

"Nilivipata viwili," nikasema.

"Ndiyo. Ulivipata viwili. Ukavitia mdomoni ukavila."

Ni kweli. Ladha yake naijua mpaka leo, wino na chumvi.

"Nilikwenda ofisini baadaye," nikasema. "Wallahi nilikwenda."

"Ulikwenda. Ukamkuta mlinzi, akakwambia Sajini kampeleka karani mmoja ghala la mkaa la nyuma. Ukafanya nini?"

Hili, wasomaji, hakuna anayelijua zaidi ya mimi na huyo mlinzi, na mlinzi alikuwa shemeji yake Mwanamize. Nilisimama nje ya ukuta wa ghala. Nilisikia. Siwaandikii nilichosikia. Ningepanda baiskeli, dakika kumi niko kiwandani, ningewaambia: chapeni sasa, msingoje firimbi, Isidori hayumo. Lakini wangeniuliza kwa nini umechelewa. Kwa hiyo nilikaa pale, nimeshika usukani, nikingoja pengine ataachiwa.

Saa kumi na moja firimbi ikalia. Garimoshi likaondoka. Upande wa pili wa mji Hashil, bega limevunjika, akatabasamu, akageuza gurudumu.

"Mimi ndiye niliyemkanda Isidori mikono usiku ule," Mwanamize akasema. "Tulikuwa majirani, na Theopista hawezi kuinama, tumbo lile. Aliniambia mwenyewe. Mbaruku aliwaacha makarani wawili kwa sababu hawakutetemeka. Akaanza na Isidori. Mpiga taipu, anajua pa kumwumiza. Firimbi ilipolia alikuwa kwenye kidole cha saba."

"Na hakusema."

"Atasema nini? Mwizi wa karatasi alikuwa ni yeye. Mbaruku alikuwa anataka akiri kwa kinywa chake, na hilo hakulipata. Magazeti yakatoka, wauzaji wanapita wanaita. Mtu akaja mbio ghalani kumwambia Mbaruku, Mzungu anakutaka, droo yako iko mtaani. Hapo ndipo alipotupa nyundo. Akatoroka, wala hakurudi mjini hapa." Aliokota karanga moja pajani pangu, akaimenya. "Vile vidole vitatu vilivyobaki, Mrisho, vilibakishwa na gazeti. Yule Mhindi alisema kweli. Mngechapa saa nane vingebaki kumi. Na Hashil pia alisema kweli. Ungefika, vingebaki kumi. Nyote mlikuwa sawa kasoro wewe."

"Hashil alijua?"

"Alikufa anaamini ni upepo. Ulimwambia wewe."

Mtaa ulikuwa unaendelea na mambo yake. Mtu anagonga bati. Nikachukua kalamu, nikataka kufuta mstari wa kofia.

Mwanamize akanishika mkono.

"Usifute. Peleka vilevile gazetini, halafu andika na haya ninayokwambia. Wasome uwongo wako kwanza wauone ulivyo mtamu." Akasimama, akajikung'uta kanga. "Sasa ahadi. Nimekushika au sijakushika?"

"Umenishika."

"Kidogo kama chawa?"

"Chukua baiskeli, mama. Lakini wewe utaipanda vipi?"

"Nani kakwambia ni yangu? Isidori yuko Ilala, nyuma ya soko, nyumba ya mlango wa buluu. Theopista alikufa miaka mitatu iliyopita. Kila Jumamosi mjukuu wake anamfunulia kurasa, maana zile karatasi nyembamba zinamshinda, anamsomea hadithi yako. Wiki ya sita anangoja aone utasema nini ukifika kwenye garimoshi." Akatwika kapu lake. "Nenda ukalipe. Na usiipande, mwanangu. Isukume."

Nikaisukuma. Kutoka Sikukuu mpaka Ilala, jua la mchana utosini, mzee wa miaka sitini anasukuma baiskeli nzima isiyo na pancha. Watoto walinicheka njia nzima. Mmoja akaniuliza, babu, hujui kuendesha? Nikamwambia ndiyo, nimesahau.

Mlango wa buluu ulikuwa nusu wazi. Nilisimama pale muda mrefu, nimeshika usukani uleule.

Nikapiga hodi.

"Nani?" Sauti ya mzee, mpole vilevile.

"Mrisho."

Nikasikia kiti kinasogezwa.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

Nikatazama saa yangu. "Saa nane u nusu."

"Garimoshi la saa kumi na moja bado, basi," akasema. "Ingia."